Somo Wako ni Nani?

Kwake hukupewa simu kabla hujataja jina. Ungeweza kuwa umesimama foleni tangu asubuhi, namba umeishika kichwani, watu nyuma yako wanasonya. Yeye angeukumbatia mkonga wa simu kifuani kama mtu anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani, na angeuliza, "Nani anampigia nani?"

Ukijibu, "Nampigia kaka yangu," hakuridhika.

"Kaka hana jina?"

"Ni Inosenti, mzee."

"Na wewe?"

"Bahati."

Hapo ndipo alipopiga. Akisikia upande wa pili umepokea, alitangulia yeye, kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Hapa Durban. Inosenti anatafutwa na Bahati." Kisha ndipo alipokukabidhi. Wateja walinung'unika kwamba anawalia dakika zao, lakini walirudi kwake, wakayapita maduka mengine ya simu njiani. Mjini mle mchana kutwa mtu aliitwa "my friend", aliitwa "wewe", aliitwa na mengine ambayo sitaki kuyarudia. Kwa Mzee wa Simu jina lako lilisemwa lote, kwa heshima, na likavuka mipaka ya nchi.

Ndivyo tulivyomwita, Mzee wa Simu. Jina lake mwenyewe ninalijua, lilikuwa kwenye leseni ya duka, lakini aliwahi kuniambia hapendi lizungushwe midomoni mwa watu, na mimi ninamtii mpaka leo. Alikuwa mtu wa Kigoma, mwembamba, kofia ya kiua kichwani, sweta la kijivu mwilini hata katika joto lile la Durban la mwezi wa kwanza linalomnatisha mtu na kiti. Duka lake lilikuwa upande wa Albert Park, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao vikapatikana vibanda vya simu. Mimi nilikuwa nasuka nywele saluni ya mlango wa pili. Ukuta kati yetu ulikuwa ubao mtupu, kwa hiyo nilimsikia zaidi kuliko nilivyomwona.

Alikuwa bahili. Feni aliiwasha pale tu alipoona mteja anakaribia kuzimia. Mkonga aliufuta kwa kitambaa chenye dawa kila baada ya mtu, na kitambaa chenyewe kilikuwa pande la shati lake la zamani. Dakika zako zikiisha ukaomba uongeze neno moja tu, neno moja, alikuambia, "Neno moja ndilo huvunja ndoa," akakata.

Hata hivyo kulikuwa na siku katika mwaka ambapo mtu huyu huyu alikupa simu bure.

Kwao, watu wawili wenye jina moja huitana somo. Somo wako humtukani, humnyimi, na mkikutana hata kama hamjuani mna jambo la kuanzia. Alipofika Durban akawakuta Wakatoliki kutoka Tanzania nao wanasema somo, ila wao wanamaanisha mtakatifu ambaye mtu amebatizwa kwa jina lake, na mtakatifu huyo ana siku yake, na siku hiyo mwenye jina hupongezwa, huvaa vizuri, hula kuku. Wakongo waliita fete, lakini jambo ni lile lile. Mzee wa Simu alikuwa Mwislamu wa swala tano, na jambo hili lilimfurahisha kupita kiasi. "Sisi tuna somo wa duniani," aliniambia, "ninyi mna somo wa mbinguni. Lakini neno ni moja, kwa hiyo undugu ni mmoja." Akatundika kalenda mbili ukutani, moja ya msikiti na moja ya parokia, akajiwekea sheria: siku ya somo wako unapiga nyumbani bila kulipa, mpaka yeye akohoe.

Mwezi wa tatu, siku ya Yosefu, foleni ilifika kwenye robot, taa za barabarani za kona. Alisimama mlangoni akaitazama, akasema, "Jamani, Wakongo hamna huruma. Hamkuwa na jina jingine?" Akarudi ndani akawahudumia Yosefu wote.

Alipenda kueleza maana za majina, na alikosea mara nyingi bila aibu. Mama mmoja wa kwaya alimwambia anaitwa Klementina, naye akamhakikishia kuwa jina hilo limetokana na kilimo. Padri alipopita kupiga simu akamsahihisha. "Huko Roma labda," alijibu Mzee. "Kigoma ni kilimo."

Lakini kuna mara alipatia. Nje ya mlango wetu alikaa dada mmoja wa Kizulu akiuza maandazi yao, magwinya, kwenye beseni. Alikuwa na hasira nasi, na sikumlaumu. Wateja wa simu walimzibia biashara yake, tena kwa lugha asiyoijua. Siku moja Mapendo, tuliyekuwa tukisuka naye, alilipiga beseni teke kwa bahati mbaya. Yule dada akasimama, akaanza kututukana makwerekwere, wageni wa kuja, turudi tulikotoka, na Mapendo naye si mtu wa kunyamaza. Watu wakaanza kukusanyika. Mzee wa Simu akatoka na kitambaa chake mkononi, akajiingiza katikati, akamuuliza yule dada kwa Kizulu chake kibovu anaitwa nani.

"Thandiwe," akajibu kwa ukali. "Why?"

"Thandiwe maana yake nini?"

"Anayependwa. Eish, mkhulu, babu wewe, unataka nini?"

Mzee akamgeukia Mapendo. "Na wewe Mapendo maana yako nini? Mwambie." Mapendo akakunja uso, lakini akamwambia. "Basi," Mzee akasema, "mnataka kupigana na somo?"

Akahangaika kueleza somo ni nini, nusu Kizulu, nusu Kiingereza, mikono ikisaidia. Thandiwe alimsikiliza kama unavyomsikiliza mlevi, kisha akacheka, kisha Mapendo akacheka. Mapendo akalipa magwinya yaliyomwagika. Sitasema walikuwa marafiki tangu siku ile. Ila asubuhi iliyofuata Thandiwe aliita kwa sauti, "Somo!" na alipokuwa akisema hivyo alikuwa amelisogeza beseni mwenyewe.

Kuna majina ambayo hakuyakubali hata kidogo. Alikuwapo jamaa wa Fizi, Asukulu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda kimoja huko Jacobs. Msimamizi wake hakutaka kuusumbua ulimi, akamwita Peter, na Peter ndilo likaandikwa kwenye kitambulisho cha kazini. Siku ya Mtakatifu Petro jamaa akaja anatabasamu kudai simu ya bure.

"Mi ni Peter, mzee. Hata badji yangu iko inasema."

"Huyo ni Peter wa kiwanda," Mzee akamwambia. "Kiwanda kimpigie simu. Asukulu siku yake haijafika."

Asukulu akaondoka akisema ule mzee iko na kichwa nguvu kabisa. Lakini neno lilimwingia. Juma lile alimfuata msimamizi akamtajia jina lake polepole, silabi kwa silabi, na akaendelea kumtajia kila siku. Baada ya muda alirudi dukani kutoa ripoti: sasa anaitwa Sugulu.

"Amekaribia," Mzee akasema. Akampa simu.

Kwa wasio na mtakatifu alikuwa na Novemba mosi, siku ya watakatifu wote. Siku hiyo walikuja akina Bahati, akina Riziki, akina Sifa, wote kwa pamoja, na alipokohoa hakuna aliyemsikia. Na mimi alitaka kuniweka humo.

Jina langu ni Machozi. Kwetu si jina la ajabu. Mama alifariki siku chache baada ya kunizaa, pale Uvira, nami nikaitwa lile lililokuwapo nyumbani. Ilikuwa miaka ile ambapo rais wa nchi alikuwa amekataza majina ya ubatizo. Baba alikuwa karani wa serikali, na baada ya msiba hakutaka tena kusikia habari za kanisa. Alihamishiwa Lubumbashi, nikakulia huko. Kabla hajafariki aliniambia jambo moja tu: mama yangu mdogo alinichukua nikiwa mchanga, akanipeleka kubatizwa. Jina nililopewa huko, baba hakuliuliza.

Kwa hiyo Mzee aliponiambia, "Wewe Machozi, njoo Novemba mosi na wenzako," nilimjibu, "Mimi ninaye wangu, mzee. Simjui tu."

Akaweka kitambaa mezani. "Sema tena."

Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza, "Huyo mama mdogo yu hai?"

"Watu wa Uvira walisema alivuka ziwa wakati wa vita. Iko kambini, upande wa Kigoma."

"Kigoma," akasema, kana kwamba nimemtajia sebule yake.

Alimpigia dada yake, aliyekuwa na duka kule mjini, si mara moja. Kupitia ubao nilimsikia akilitaja jina la mama yangu mdogo, la babu, la mtaa wetu wa Uvira, akilirudia kila moja kama anayepanga sahani. Kisha siku moja akaja saluni. Hakuwahi kuliacha duka lake hivihivi. Alisimama katikati ya nywele zilizotapakaa sakafuni.

"Yupo mtu anayeweza kuingia kambini," akasema. "Akina mama wa parokia huenda kupeleka nguo. Kuna mmoja wao ambaye dada yangu anamwamini. Utaongea naye wewe."

"Kwa nini mimi? Wewe ndiye unawajua wa kule."

Akatazama dirishani. "Ni binti yangu."

Ndipo nikajua. Kila Februari kulikuwa na siku moja ambayo duka lilifungwa, si ya Idi wala ya serikali, na mama mmoja wa kwaya aliyeitwa Skolastika alikuwa analalamika kila mwaka kwamba siku ya somo wake inamkuta Mzee hayupo. Binti wa Mzee aliolewa na mwalimu Mkatoliki. Akabatizwa. Akachukua jina la Skolastika.

"Mimi nilimwita Mwajuma," aliniambia, bado ameangalia nje. "Alizaliwa Ijumaa. Siku ya saba nilimnyoa nywele kwa mkono wangu huu. Akalivua kama mtu anavyovua kanga."

"Lakini, mzee, kila siku unawapongeza kina Yosefu na kina Tereza."

"Wa watu," akasema. "Hao ni wa watu."

Nilikuwa namhitaji, na nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, vyote kwa mara moja.

Simu ilipigwa mchana, duka likiwa tupu. Alibonyeza namba mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakutangaza nani anamtafuta nani. Alinikabidhi mkonga haraka kama chungu cha moto. Sauti iliyonijibu ilikuwa changa, yenye kicheko karibu. Nilimweleza. Mzee alisimama pembeni akifuta meza iliyokwisha kuwa safi, akininong'oneza: mwambie huyo mama ni mtu wa Uvira, mwambie anaweza kuwa anasali huko huko kanisani kwao.

Yule binti akaniuliza, "Dada, huyo anayenong'ona ni baba?"

"Ndiyo."

"Mpe shikamoo yangu."

Nikamgeukia. "Anakupa shikamoo."

Mkono wake ukasimama juu ya meza. Shikamoo haikataliwi, hata na mwenye hasira. Nilimwona anatafuta njia ya kuikataa, akaikosa.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo mno. Kisha akasema kwa nguvu, "Mwambie dakika zinakwenda!"

"Nimesikia," binti akasema sikioni mwangu. Na hakuwa anacheka tena.

Miezi ikapita. Kambi ni kubwa, watu huhamishwa, na majina huandikwa vile mwandishi anavyosikia. Kila juma binti alimpigia shangazi yake, shangazi akampigia Mzee, Mzee akagonga ubao wetu: bado. Nilikwisha kukata tamaa, na nilikuwa nimemwambia aache, siku alipogonga tena. Alinyoosha tu mkonga mlangoni mpaka waya ukafika mwisho.

"Hapa Durban," alikuwa amekwisha kusema. "Machozi yuko hapa."

"Weye ni Machozi?" Sauti ya mama mtu mzima, inakwaruza.

"Ndiyo, mama."

"Ee Mungu. Sauti ni ya dada yangu kabisa."

Tulilia kwanza. Mzee hakukohoa. Halafu nikamuuliza lile nililomtafutia.

"Tulipitia mlango wa nyuma," mama mdogo akasema. "Ile wakati majina ilikuwa makosa. Padri akaniuliza, mtoto anaitwa nani? Mi sikukuwa na jina, mwanangu. Nilikuwa na weye tu. Basi akaangalia kwa kalenda, akasema leo ni ya Apolonia. Akakumwangia maji. Akaniambia, jina hili libakie ndani ya nyumba."

"Apolonia," nikasema. Kwa kweli nilikuwa nimetarajia kitu kingine. Nilikuwa nimejitayarishia Tereza, au Roza.

"Na njia yote ya kurudi nilikuwa nakuita," akaendelea. "Mvua inanyesha, niko na weye ndani ya kitenge, nasema Apolonia, Apolonia, juu uzoee. Maana nilijua nikifika kwenu hakuna mtu atakuita hivyo tena. Ulilala tu, weye. Hukusikia kitu."

Maisha yangu yote nilidhani njia yangu ya kuingia duniani ilikuwa kilio tu. Kumbe palikuwa na msichana, labda wa miaka kumi na saba, aliyetembea nami mvuani akiniita.

Nilipomaliza, Mzee alikuwa mbele ya kalenda ya parokia. Alikuwa amemwona Apolonia.

"Februari, tarehe tisa," akasema. "Padri alinieleza habari zake. Somo wako huombwa na wanaoumwa meno."

"Meno?"

"Meno si kitu kidogo," akasema, lakini midomo ilikuwa inamcheza, na nilipoanza kucheka naye akacheka, mpaka Thandiwe akachungulia kuuliza kulikoni. Tangu siku hiyo hakuniita Machozi tena isipokuwa nikiwa nimemkosea. Mimi nimeyabakiza majina yote mawili. La kwanza nalo nilipewa na watu waliokuwa wanampenda mtu, mama yangu.

Februari ilipofika nilivaa gauni la kijani na Mapendo akanisuka bila malipo. Wanakwaya walikuja na kuku. Mzee alinipa simu, na kule Kigoma mama mdogo alikuwa ameletwa dukani kwa dada wa Mzee akiningoja. Tuliongea mpaka nikaishiwa, na mita yake ya simu ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa. Nilipokuwa natoka nilimwona anaitazama kalenda, mstari ulio chini ya wangu. Nikajua ni wa tarehe kumi, na nikajua ni wa nani. Nikaamini kesho atafungua.

Kesho yake duka lilikuwa limefungwa, kufuli mlangoni, kama miaka yote. Yule Skolastika wa kwaya alipita akatikisa kichwa. Nilivunjika moyo kuliko nilivyotegemea. Nilimchukia kidogo siku ile, yeye na kofia yake, kwa jinsi alivyoweza kunitafutia jina langu ng'ambo ya ziwa na asiweze kulitamka la mwanawe. Sikumwambia. Siku iliyofuata akafungua, akafuta mkonga, akauliza nani anampigia nani.

Mwaka ule simu za mkononi zilianza kuingia mifukoni mwa watu, na foleni ikapungua. Siku moja nilifika nikakuta vibanda vimebomolewa na mtu mwingine anapanga viatu. Mapendo alisema Mzee alimwachia salamu zangu, na kwamba amehamia Clairwood.

Nilikwenda kule miezi mingi baadaye, na si kumtafuta. Nilikuwa natoka Jacobs kununua nywele za kusukia, taxi ikaharibika karibu na yadi za malori, nikashuka kutembea. Kwenye uzio mmoja palikuwa na banda la mabati linalouza chai na chapati, na madereva wa masafa marefu wamekaa kwenye mabenchi, wengine wanaongea Kiswahili cha Tunduma. Kabla sijaona mtu nikasikia, "Wewe unaitwa nani? Dereva si jina!"

Alikuwa amekonda zaidi. Sweta lilikuwa lile lile. Aliponiona aliita "Apolonia!" kwa sauti iliyowafanya madereva wageuke, nami nikampa shikamoo, akaipokea kwa mikono miwili. Tuliulizana habari. Mama mdogo yu mzima, nikamwambia, amepata nyumba mjini Kigoma. Akasema anajua. Nikashangaa amejuaje.

Ndipo mwanamke akatoka nyuma ya banda na birika, kitambaa kichwani, rozari ndogo shingoni, uso wa Mzee kabisa katika umbo la ujana. Akaliweka birika chini akaniangalia. Nadhani aliitambua sauti yangu kabla sijajitambulisha, kwa maana kicheko chake kilikuwa tayari kinakuja.

"Dada wa simu!" akasema.

Tukakumbatiana. Aliniambia amekuja kumtazama baba, ana juma la nne sasa, na mumewe amemwongezea muda. Sikuuliza nani alimpigia nani. Mzee alikuwa anahangaika pembeni, akisogeza vikombe visivyohitaji kusogezwa, na alipoona tumemaliza kusalimiana akaona ni wajibu wake kama mwenye banda kututambulisha kwa utaratibu.

"Huyu ni binti yangu," akaanza, akavuta pumzi.

Wakasema kwa pamoja. Mzee alisema, "Skolastika," polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Na binti, akiwa amenyoosha mkono wake kwangu, alisema, "Mwajuma."

Mzee akamtazama mwanawe, na mwanawe akamtazama yeye, na madereva, ambao hawakujua lolote, waliacha kutafuna. Kisha binti akaufunika mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika, na sikuweza kujua kama ni kicheko au kitu kingine, mpaka nikasikia kuwa ni vyote.

"Kaa, baba," akasema, akamvutia kiti.

Mzee akavua kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akaivaa tena. Akakaa.